Je, wajua? Matangazo yanayokufuata mtandaoni yanakubadilisha kweli?

Umesachi viatu mara moja tu, basi wiki nzima viatu vinakufuata kila ukishika simu, na wengi tunaamini haya matangazo yanatujua mpaka moyoni na yanatununulisha vitu bila sisi kujijua. Yanafanya kazi ndiyo, ila kwa kiasi kidogo kuliko tunavyoogopa, na kidogo zaidi kuliko wanaoyauza wanavyotamba.

Shida iko kwenye kupima. Tangazo linaletwa kwa mtu ambaye tayari kaonyesha anakitaka kitu, sasa akikinunua aliyemsukuma ni nani, tangazo au hamu yake mwenyewe? Ripoti inayoenda kwa bosi inasema tangazo. Sawa na kumsifia jogoo eti kumekucha kwa sababu kawika.

eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani, walilijaribu hili mwaka 2012. Walikuwa wanalipia matangazo kwenye injini za kutafutia, yaani hata ukiandika jina lao lenyewe tangazo lao linakaa juu kabisa. Wachumi waliokuwa wanafanya kazi na kampuni, Steven Tadelis na wenzake, wakasema hebu tuzime tuone. Wakazima, na karibu watu wote wakaja vilevile, walibonyeza tu linki ya bure ya eBay iliyokuwepo hapohapo kwenye majibu, kumbe hela ilikuwa inaliwa bure jamani! Baadaye wakazima na matangazo yanayotokea mtu akitafuta maneno mengine yasiyo na jina la eBay, kwenye baadhi ya maeneo ya Marekani, wateja wa kila siku wala hawakutikisika, waliopungua ni wageni na wale wa kununua mara moja moja. Hapo ndo nguvu ya tangazo ilipo, kwa mtu ambaye hakujua au alishasahau kwamba upo.

Na vipi kulenga tabia za watu? Utafiti uliotoka 2017 ulitengeneza tangazo la vipodozi la wachangamfu na lingine la wakimya, na aliyeona linalofanana na tabia yake alikuwa na uwezekano wa kununua karibu mara moja na nusu ya aliyeona lisilofanana naye. Inatisha eeh? Ila walioonyeshwa walikuwa zaidi ya milioni 3 na walionunua hawakufika 400, kwa hiyo kampuni inapata faida yake lakini wewe mmoja mmoja uwezekano wa kuguswa ni mdogo mno.

Kwenye siasa ndo kelele zilizidi, hasa baada ya sakata la Cambridge Analytica mwaka 2018, kampuni iliyochukua data za watumiaji wa Facebook kwa ajili ya kampeni. Mwaka huohuo watafiti wa siasa Joshua Kalla na David Broockman walichapisha uchambuzi wa majaribio 49 ya kampeni za Marekani, ya kugonga milango, simu, barua na matangazo, wakakuta kwenye uchaguzi mkuu nguvu ya kampeni kumbadilisha mtu ampigie kura mwingine kwa wastani ni sifuri. Palipoonekana mabadiliko ni kwenye kura za mchujo ndani ya chama na kura za wananchi za kukubali au kukataa hoja fulani, ambako mtu hana chama cha kumwonyesha pa kusimama.