Ashoka, magome yake na hedhi nzito: maswali na majibu

Mti wa ashoka ni upi hasa?

Ni mti wa India, Sri Lanka na nchi jirani, wa jamii ya kunde. Wataalamu huuita *Saraca asoca*. Si mrefu sana, lakini ukichanua hupendeza mno. Maua hutoka kwa mashada, mengine kwenye shina lenyewe, yakianza na manjano, kisha rangi ya chungwa, mwisho mekundu. Ukiyatazama vizuri hayana petali: rangi yote ni ya sepali, yaani vijani vya nje vya ua.

Ndiyo hii miashoki ya kwenye nyua zetu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwashoki mrefu, mwembamba, wenye majani ya mawimbi, unaopandwa kando ya kuta mijini kwetu ni *Polyalthia longifolia*, wa jamii moja na mstafeli. Maua yake ni ya kijani, hayaonekani kirahisi. Usibandue magome yake ukidhani umepata dawa ya ashoka. Hata India magome hayo huuzwa badala ya yale halisi, maana ashoka wa kweli umeadimika porini.

Magome ya ashoka hutumika kutibu nini?

Zaidi ya yote, hedhi nzito. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huyachemsha, au huyachachusha kupata ashokarishta, dawa ya maji ambayo huwa na pombe kidogo. Yana tanini nyingi, kemikali za mimea zenye ukakasi, ambazo hukaza tishu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa wanawake wenyewe ni mdogo, na kutumika karne nyingi hakutoshi kuthibitisha kwamba dawa inaponya.

Nikitokwa na damu nyingi, niyajaribu kwanza?

Usijaribu, dada yangu. Damu nyingi ni dalili. Chanzo chaweza kuwa fibroidi (uvimbe wa kwenye mji wa mimba usio saratani), homoni, mimba iliyoharibika au saratani, na dawa ya kupunguza damu inaweza kukuchelewesha kukijua. Pedi ikilowa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au ukihisi kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hedhi ikizidi siku 7 au ikitoka na mabonge makubwa, kapimwe, pamoja na kiwango cha damu mwilini. Aliyekwisha kukoma hedhi akiona hata tone, naye akapimwe.

Mjamzito asiyatumie magome haya kabisa. Mwenye upungufu wa damu ajue pia kwamba tanini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kwenye chakula. Na kama tayari unakunywa dawa ya ashoka, mpelekee daktari chupa yenyewe aione.