Kiwanda Kisichomwaga Majitaka: Ugumu Uko Katika Lita za Mwisho

Wenye viwanda wanaonijia wakitaka mfumo usiomwaga hata tone la majitaka nje huanza kwa kuulizia bei ya mtambo wa kuvukizia maji. Mimi huanza na maji yenyewe, kwa kuwa gharama yote huamuliwa na vilivyoyeyuka ndani yake, hasa kalsiamu, magnesiamu, salfeti na silika (madini yanayounda mchanga).

Tuchukue lita 100 zilizokwisha kusafishwa kwa kutumia bakteria na kuchujwa, zenye gramu 3 za chumvi kwa lita. Osmosisi kinyume, yaani kuyasukuma maji kwa shinikizo kubwa yapenye utando unaozuia chumvi, inaweza kurudisha lita 90 kiwandani, lakini lita 10 zinazobaki hubeba karibu gramu 30 kwa lita, na huko ndiko jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, na silika hupenda kuganda. Ukilifungua bomba lililopangwa tando hizo, mara nyingi utakuta za mwanzo zingali safi, ilhali ya mwisho, inayopokea maji yenye chumvi nyingi kuliko zote, imefunikwa na ukoko mweupe unaokwaruza kidole kama msasa. Kwa sababu hiyo nasisitiza sana matibabu ya awali kwa chokaa na magadi: kalsiamu hutuama, na magnesiamu inapoganda huondoka na sehemu ya silika.

Masalia hayo ya osmosisi kinyume ndiyo yavukizwe. Kugeuza mita moja ya ujazo ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto la zaidi ya kilowati-saa 600. Kompresa huukandamiza mvuke huo ukapata joto zaidi, nao hurudishwa kuchemsha maji yanayofuata, hivyo umeme unaotumika hushuka hadi takribani kilowati-saa 20 au 30. Huo ni uokoaji mkubwa, ingawa bado ni mara kadhaa ya unaotumiwa na osmosisi kinyume.

Hatimaye hubaki chumvi ngumu. Salfeti ya sodiamu hufanya fuwele vizuri, na viwanda vya kutia nguo rangi vinaweza kuitumia tena. Kloridi ya kalsiamu ni sumbufu: hupandisha kiwango cha kuchemka, hufyonza unyevu wa hewani na hutoka ikiwa tope. Chumvi zilizochanganyika zisizo na mnunuzi zinahitaji shimo lililotandikwa plastiki isiyopitisha maji na kuezekwa, kwani mvua ikizifikia zitayeyuka tena na kushuka hadi kwenye maji ya ardhini.