Maua ya kujazia ni nini?

Tazama shada la bibi arusi. Jicho huenda moja kwa moja kwenye mawaridi, lakini yanayoyafanya yapumue ni yale maua madogo meupe yaliyotanda katikati, mithili ya bisi zilizomwagika. Hayo ndiyo maua ya kujazia: huziba mianya, huficha mabua na kuzuia maua makubwa yasisongamane.

Yapo ya namna nyingi, kama statisi ya zambarau na solidago ya manjano, ila mimi ukiniambia maua ya kujazia nafikiria jipsofila, yale madogo meupe ya kwenye shada. Asili yake ni Ulaya ya Mashariki na Asia, na leo mashamba ya Kenya huisafirisha kwa wingi hadi Ulaya.

Ukienda kununua, usidanganywe na weupe wa juu. Fungua karatasi, chungulia pale mpira ulipobana. Unyevu ukinaswa hapo, ukungu huanza na maua hugeuka kahawia. Chagua kitita ambacho zaidi ya nusu ya maua yamechanua. Matumba yakizidi, mengi hayatafunguka kwenye maji matupu. Yanataka sukari kidogo, na penye sukari lazima pawe na dawa ya kuua bakteria. Harufu isikutie shaka: jipsofila mbichi hunuka kidogo kama soksi, hata ikiwa nzima kabisa. Ndiyo maana mimi siiweki nyingi kwenye meza ya chakula.

Nyumbani utakuta matawi yamenasana. Usivute, utabaki na vijiti. Shika mabua, pindua kichwa chini, tikisa polepole mpaka yaachane yenyewe. Kata ncha mshazari kwa kisu kikali, ondoa majani yatakayozama, kisha badilisha maji kila baada ya siku mbili.

Adui wake mkubwa ni ethilini, gesi inayotolewa na matunda yanayoiva. Niliwahi kuweka jagi kando ya ndizi mbivu; maua yakajikunja upesi, na mawaridi jirani bado yamesimama. Wakulima huilinda kwa kuchovya mabua kwenye dawa yenye madini ya fedha mara baada ya kuvuna. Wewe sogeza tu ndizi.

Ukitaka kuikausha, usingoje inyauke. Itoe majini ingali nzuri, itundike kichwa chini mahali pakavu penye giza na hewa. Baada ya wiki mbili hivi weupe utakuwa umefifia kidogo, lakini umbo litabaki lilelile.