"Hyypiä alipewa Leverkusen bila leseni": hii stori tuiweke sawa leo

Nafundisha kozi za ukocha, zile za chini, leseni D na C, na wengi wanaokuja darasani ni wachezaji wastaafu. Watu wazuri, mpira wanaujua, ila kuna sentensi moja wakiitamka tena nitafunga daftari niende zangu. Inakuja kila kozi, pale pale ninapogawa fomu za kuandika programu ya mazoezi ya wiki. Mmoja anaegemea kiti, anaisukuma fomu mbele kidogo kama mtu aliyeletewa bili ya mwenzake, anasema mwalimu sisi tumecheza bana, haya makaratasi ya nini, kwani Sami Hyypiä si alipewa Bayer Leverkusen bila leseni na akawapeleka Champions League? Darasa zima linaitikia. Na kwa kuwa nusu yao ni Majogoo wa damu, yaani mashabiki wa Liverpool, na Hyypiä alikuwa beki wa kati wa Liverpool na Finland, jina tu linatosha, hoja imeshapita.

Haya, sikilizeni. Ni kweli Hyypiä hakuwa na leseni inayotakiwa kuwa kocha mkuu Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani wanakocheza Leverkusen. Mpaka hapo mko sahihi. Tatizo mnaishia hapo, hakuna anayeuliza swali linalofuata, kwamba kama hakuwa nayo Wajerumani walimruhusuje?

Hawakumruhusu. Ndo jibu.

Ilikuwa hivi. Aprili 1, 2012 Leverkusen wanamtimua Robin Dutt, msimu umebaki mechi chache, timu imepoteza mwelekeo. Wanamwita Hyypiä, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ametundika daluga pale pale klabuni na sasa yupo kwenye benchi la ufundi la timu ya taifa ya Finland chini ya Mixu Paatelainen. Wanampa cheo cha kiongozi wa timu, Wajerumani wana jina lao wanaita Teamchef, na ubavuni kwake wanamweka Sascha Lewandowski, kocha wa vijana chini ya miaka 19 wa klabu hiyo hiyo, mtu ambaye ukimtaja kwenye kibanda umiza watakuuliza kama ni kaka yake Robert, yule mshambuliaji (hapana, hawahusiani). Huyo ndo mwenye leseni, na kwenye makaratasi ya ligi kocha mkuu ni yeye. Kwa hiyo sheria haikupindishwa kwa ajili ya gwiji, klabu ndo ilimtafutia gwiji mtu wa kumkamilisha. Hata huku kwetu mnaona, kocha anatua kwa mbwembwe, leseni haifikii kiwango, anaandikwa cheo kingine halafu anayesimama kwenye fomu ni msaidizi. Mnaliona kila msimu halafu mkija darasani mnajifanya hamjui.

Sasa matokeo, sababu hapo ndo penye utamu. Wawili hao wanamaliza msimu nafasi ya 5. Msimu unaofuata, 2012-13, kwa mara ya kwanza wanaanza pamoja tangu maandalizi, wanamaliza nafasi ya 3 na tiketi ya Champions League mkononi. Stefan Kiessling anakuwa mfungaji bora wa Bundesliga kwa magoli 25, Dani Carvajal anacheza beki ya kulia kwa msimu wake mmoja wa Ujerumani, na Oktoba 28, 2012 wanaenda Munich wanaifunga Bayern 2-1 kwao. Bayern ile ya kocha Heynckes iliyobeba makombe matatu! Msimu mzima wa ligi walipoteza mechi moja tu na ni hiyo. Kwa hiyo mtu akija na dhana ya upande wa pili, kwamba Hyypiä ni kocha feki aliyebebwa na jina, naye nampeleka kwenye hiyo tarehe.

Halafu kiangazi cha 2013 Lewandowski anaomba kurudi kwa vijana wake na Hyypiä anaachiwa timu peke yake. Huu ndo msimu ambao wanaonirushia mfano wake hawautaji kabisa, sijui hawaujui au wanauruka makusudi. Nusu ya kwanza ilikuwa moto, wanafika mapumziko ya Krismasi nafasi ya 2 na pointi 37, nyuma ya Bayern tu. (Katikati hapo kuna lile goli la mzimu la Kiessling dhidi ya Hoffenheim, kichwa kinatoka nje kinaingilia kwenye tundu la wavu pembeni na refa anakubali, hilo tuliache, nikilianzisha darasani kipindi kinaisha.) Lakini hata ndani ya nusu hiyo nzuri dalili zilikuwepo, Novemba wamechapwa 5-0 nyumbani na Manchester United, tena United ya David Moyes, ambayo nadhani mnakumbuka ilivyokuwa. Wakatinga hatua ya 16 bora pamoja na hayo yote, na baada ya mwaka mpya mambo yakaharibika kweli kweli. Wanatolewa kombe la Ujerumani nyumbani na Kaiserslautern ya daraja la pili. Wanapigwa 4-0 nyumbani na PSG. Kwenye ligi wanapoteza mfululizo. Aprili 5, 2014, baada ya kufungwa 2-1 na Hamburg iliyokuwa inapambana isishuke, Hyypiä anafungashiwa virago, na anayeitwa kumalizia msimu unamjua? Sascha Lewandowski. Mechi tano, nafasi ya 4, wakarudi Champions League.

Sisemi leseni peke yake ingemwokoa. Msimu huo Schürrle kauzwa Chelsea, Carvajal karudi Madrid, na ratiba ya Champions League inawala wachezaji walewale kila katikati ya wiki. Ninachosema ni kwamba kazi bora ya ukocha ya maisha yake aliifanya akiwa na mtu wa daraja la vijana ubavuni, mtu ambaye kazi yake kwa miaka ilikuwa kupanga mazoezi, kuyaandika, kuyarudia na kusahihisha. Mchezaji mkubwa anaingia ukocha na vitu ambavyo mimi siwezi kukufundisha hata nikikaa na wewe mwaka mzima, akiongea chumba cha kubadilishia nguo kinanyamaza, anajua presha ya fainali, anajua beki anaogopa nini dakika ya 88. Lakini ukifika Januari timu imekwama, mpinzani ameshakusoma, wachezaji wako wamechoka miguu na kichwa pia, pale unahitaji kujua mzigo wa mazoezi upunguze wapi, mfumo ubadilishe nini bila kuvuruga kila kitu, na hiyo haitoki kwenye medali. Inatoka kwenye ile fomu unayoisukuma.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mastaa, na huu nautoa hata asiyeniuliza: usichukue timu katikati ya msimu ukiwa peke yako, na msaidizi wako asiwe rafiki yako mliyecheza naye. Mtafute anayejua usichokijua. Mnapenda sana kujaza benchi washkaji, watu watatu wote walikuwa mabeki wa kati, timu ikikosa goli mnaangaliana.

Stori nyingine za Hyypiä ninazoletewa nazipitisha haraka.

"Brighton walimfukuza." Hapana, alijiuzulu mwenyewe, Desemba 22, 2014, na mwenyekiti Tony Bloom akakubali. Alikuwa ameshinda mechi 3 kati ya 22 za Championship, daraja la pili England, na timu ipo eneo la kushuka, kwa hiyo utasema ni mulemule, ila kwangu mimi si mulemule, kocha anayesoma msimamo akajiondoa nampa heshima yake. Tena alirithi timu iliyokuwa imetoka kucheza mchujo wa kupanda halafu ikamuuza Leonardo Ulloa kwenda Leicester. Mshambuliaji wa magoli akiondoka usitegemee kuwa historia ya kocha pale Liverpool itafunga badala yake.

"Aliishusha Zürich ya Uswisi daraja." Nusu kweli. Alichukua timu Agosti 2015 ikiwa tayari ina hali mbaya, akafukuzwa Mei 2016 zikiwa zimebaki mechi chache na timu ipo mkiani, akaja Uli Forte, wakashuka hivyo hivyo. Cha kuchekesha, siku chache baada ya kushuka wakabeba Kombe la Uswisi kwa kuifunga Lugano 1-0. Mpira una mambo. Lawama kubwa ni ya Hyypiä, sikatai, miezi kama tisa ni muda wa kutosha.

"Liverpool walimwokota, hakuwa mtu." Hii inatokana na ile stori ya mpiga picha wa televisheni aliyeenda kumnong'oneza Peter Robinson, bosi wa utawala Liverpool, kwamba kuna kitasa, beki wa kati, Uholanzi mkamcheki. Stori ni ya kweli, lakini jamaa hakuwa ameokotwa jalalani, alikuwa na misimu minne klabu ya Willem II na wa mwisho wake, 1998-99, timu hiyo ndogo ya Tilburg ilimaliza ya 2 Uholanzi ikafuzu Champions League. Kabla ya hapo alikuwa klabu ya MyPa kwao Finland, alibeba nao Kombe la Finland 1992 akiwa na Jari Litmanen humohumo, na Newcastle walimfanyia majaribio wakamwacha. Liverpool walilipa pauni milioni 2.6 hivi. Bei ilikuwa ndogo, uwezo ulikuwepo muda mrefu, na anayechanganya hivyo viwili asije kuwa skauti.

"Alikuwa mzito, urefu tu ndo ulimbeba." Mechi 464 na magoli 35 kwa miaka kumi England huwezi kubebwa na urefu. Mbio hakuwa nazo, kweli, na siku alipolazimika kukimbizana mliona, Old Trafford kwa Manchester United Aprili 2003, anamvuta mshambuliaji wao van Nistelrooy dakika ya 4, kadi nyekundu, penalti, mechi inaisha 4-0. Lakini mnaikumbuka siku hiyo kwa sababu ilikuwa adimu. Kazi yake aliifanya kabla mpira haujafika, anasogea hatua mbili mapema, mwili umegeuka nusu, macho yanaangalia mpira na mtu wake kwa pamoja. Mabeki wangu nawawekea video zake bila sauti na nawakataza kuangalia mpira, wamwangalie yeye tu. Na miguu alikuwa nayo. Robo fainali ya Champions League dhidi ya Juventus, Aprili 5, 2005, dakika ya 10, kona ya Gerrard, Luis García anaipunguza kwa kichwa, mpira unapita juu ya watu na Hyypiä yuko nguzo ya mbali peke yake, anaupiga hewani kwa mguu wa kushoto, kipa Buffon anauona ukiwa ndani. Beki wa kati huyo. Mwezi uliofuata alicheza dakika zote 120 za fainali kule Istanbul, kwa wale wanaoniambia alikuwa benchi.

"Alinyang'anywa unahodha kwa sababu hakuwa kiongozi." Gerrard alipewa kitambaa Oktoba 2003, ndiyo. Kabla ya hapo mwaka 2001 huyo "asiye kiongozi" alinyanyua makombe na Robbie Fowler, na baada ya kuvuliwa alicheza miaka mingine sita bila kununa hadharani. Siku yake ya mwisho, Mei 2009 dhidi ya Tottenham, aliingia kuchukua nafasi ya Gerrard mwenyewe na Gerrard akamvisha kitambaa. Ubingwa wa ligi ndo hakuupata kabisa, hilo mkisema sina la kubisha.

Ya mwisho, na hii nimeanza kuisikia miaka ya karibuni: "Hyypiä ndo aliipeleka Finland Euro." Wapi! Alicheza mechi 105 za taifa, akaacha 2010, hakuona mashindano makubwa hata mara moja, na yeye, Litmanen na kizazi kile chote walikuwa wanaangalia kwenye TV kama sisi. Aliyeipeleka Finland ni Markku Kanerva. Naye alikuwa beki, mechi 59 za taifa, zaidi alichezea klabu ya HJK ya Helsinki, hakuna kibanda kilichowahi kupaka jina lake ukutani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye cheti cha ualimu kabisa. Akafundisha vijana, akawapeleka U-21 kwenye Euro yao ya 2009 kule Sweden, akawa msaidizi timu ya wakubwa miaka na miaka, akakaimu 2015 na hawakumpa kazi, akampisha Hans Backe, mwaka 2016 ukaisha timu haijashinda hata mechi moja, ndipo wakamkabidhi. Novemba 15, 2019 wanaifunga Liechtenstein 3-0 Helsinki na mashabiki wanavamia uwanja. Euro yenyewe ilichezwa 2021, wakaifunga Denmark 1-0 Copenhagen kwa kichwa cha Joel Pohjanpalo, siku ileile Eriksen wa Denmark alipoanguka uwanjani moyo ukisimama, kwa hiyo hata ushindi wao wa kwanza hakuna aliyeweza kuusherehekea vizuri. Wakafungwa na Urusi, wakafungwa na Belgium, wakamaliza wa 3 kwenye kundi, wakarudi nyumbani, na Kanerva akaendelea na kazi mpaka 2024.