Chakula chenye wanga kidogo kwa paka mwenye kisukari: maana yake na namna ya kukichagua

Madaktari wa mifugo wanaposema kwamba paka mwenye kisukari apewe chakula chenye wanga kidogo, wanamaanisha chakula ambacho sehemu ndogo tu ya nishati yake, kwa kawaida isiyozidi asilimia 12 hadi 15, hutokana na wanga, huku sehemu kubwa iliyobaki ikitokana na protini ya nyama au samaki pamoja na mafuta. Utamu si kipimo cha jambo hili. Chakula kisichotiwa hata chembe ya sukari kinaweza kuwa kimejaa wanga, kwa kuwa mahindi, mchele, ngano, viazi na mihogo vyote humeng'enywa tumboni na kuingia katika damu vikiwa glukosi, yaani sukari ya damu.

Maana hiyo inahitaji kushikwa vizuri hapa Dodoma, ambako ushauri wa kisukari unaofahamika na wengi ni ule wa binadamu. Mgonjwa wa sukari nyumbani huambiwa aache sembe ale dona, au ugali wa mtama na uwele, na ushauri huo una msingi, kwa sababu nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa huifanya sukari ipande polepole. Lakini mtu akiuhamishia ushauri huo kwa paka, akampa ugali wa uwele uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa, bado anakuwa amemshibisha wanga, kwa kuwa uwele ni wanga kwa sehemu yake kubwa, uwe umekobolewa au haukukobolewa. Kinachomfaa paka katika bakuli hilo ni wale dagaa wachache waliozama chini ya ugali.

Sababu iko katika umbile la paka mwenyewe, ambaye ni mla nyama halisi. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake lina upungufu mkubwa wa glukokinasi, kimeng'enya ambacho kwa binadamu na mbwa huliwezesha ini kuidaka haraka glukosi nyingi inayoingia baada ya mlo. Badala yake, ini la paka hutengeneza glukosi mfululizo kutokana na protini, hata anapokuwa hajala. Ulimi wake pia hauonji utamu, kwa kuwa jeni inayohusika haifanyi kazi. Paka mwenye afya anaweza kuuvumilia wanga wa kiasi. Paka ambaye insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, haitoshi hawezi, na sukari inayotokana na mlo wa wanga hubaki juu katika damu yake kwa saa nyingi.

Kisukari cha paka hufanana zaidi na kisukari cha aina ya 2 cha binadamu: mwili huwa sugu kwa insulini, na kongosho huchoka taratibu. Huwapata hasa paka wa makamo na wazee, wanene, na madume waliohasiwa. Mwenye paka huona mnyama wake anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakonda ilhali anakula, na wengine huanza kutembea huku visigino vya miguu ya nyuma vikigusa sakafu. Hata hivyo, kuna habari njema ambayo ingefaa ijulikane zaidi: paka akianza insulini mapema na kulishwa chakula chenye wanga kidogo, baadhi yao hufikia hali ya sukari kukaa sawa bila sindano. Ndiyo maana chakula huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa vyakula vya dukani, shida ni kwamba mara nyingi kibandiko hakitaji wanga, hivyo ni lazima mnunuzi aukokotoe mwenyewe. Jumlisha asilimia za protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini) na unyevu, kisha toa jumla hiyo katika 100. Kinachobaki ni wanga. Tuchukue mfano wa chakula kikavu chenye protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 7 na unyevu 10. Jumla ni 64, kwa hiyo wanga ni 36. Ili kupata nishati, zidisha protini na wanga kwa 3.5, na mafuta kwa 8.5: protini inatoa 112, mafuta 102 na wanga 126, jumla kilokalori 340 kwa kila gramu 100. Wanga peke yake ni asilimia 37 ya nishati yote, kiwango kisichomfaa kabisa paka huyu. Sasa tuchukue chakula cha kopo chenye protini 11, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2 na unyevu 80. Wanga uliobaki ni 1.5, nao hutoa takriban asilimia 6 ya nishati. Kwa macho tu, protini 32 huonekana bora kuliko protini 11, lakini tofauti hiyo inatokana na maji. Majibu haya ni makadirio, kwa kuwa kibandiko hutaja kiwango cha chini cha protini na mafuta, lakini yanatosha kutenganisha kinachofaa na kisichofaa.

Vyakula vikavu vingi huhitaji wanga ili punje zake zishikamane wakati wa kutengenezwa, na ndiyo maana vile vya makopo hufaa zaidi kwa kawaida. Tahadhari iwepo pia kwa vile vinavyouzwa kama vyakula vya kupunguza unene, kwani baadhi yake hupunguziwa mafuta na kuongezewa nafaka.

Asiyemudu makopo anaweza kuanzia sokoni. Dagaa wakavu wanaouzwa soko la Majengo, perege wa Bwawa la Mtera, kuku, moyo wa ng'ombe na firigisi vina wanga kidogo mno au havina kabisa. Dagaa wachambuliwe, waloweshwe katika maji ya uvuguvugu na kusuuzwa mara kadhaa mpaka mchanga usionekane tena chini ya sufuria, kisha wachemshwe bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Samaki wa maji baridi asipewe mbichi, kwa kuwa baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Supu ya kuchemshia isimwagwe, bali paka apewe pamoja na nyama, kwani taurini, kirutubisho ambacho moyo na macho ya paka havistahimili kukikosa, huyeyukia humo. Maini yawe kidogo tu, maana vitamini A ikizidi huharibu mifupa. Na nyama tupu pekee haina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo mlo wa nyumbani wa muda mrefu upangwe na daktari wa mifugo.

Sasa jambo la hatari. Dozi ya insulini hupangwa kulingana na chakula ambacho paka anakila wakati huo. Ugali ukiondolewa leo na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na paka akaanza kulegea, kuyumba na kutetemeka, hata kupata degedege. Hilo likitokea, apakwe asali au maji ya sukari kwenye fizi na apelekwe kwa daktari bila kuchelewa. Kwa sababu hiyo, mabadiliko ya chakula yafanywe kwa makubaliano na daktari atakayepima sukari na kupunguza dozi inapobidi. Kama hakuna wa kupima wiki hii, ni heri kusubiri. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Paka asilazimishwe kwa njaa, hasa aliye mnene, kwa kuwa siku 2 au 3 bila kula zinaweza kulijaza ini lake mafuta na kumuua. Akisusa mlo, asichomwe dozi kamili kabla daktari hajaulizwa.

Kabla ya kuanza, paka mzee apimwe pia figo. Protini nyingi na fosforasi iliyomo katika mifupa ya dagaa inaweza kuzielemea figo zilizokwisha kudhoofika, na hapo daktari huenda akachagua chakula cha figo, hata kama kina wanga zaidi, kisha akairekebisha insulini ilingane nacho.