Majibu ya kipindupindu hayafichwi, sampuli ndo zinafika zimekufa

Mvua zikianza tu simu nazo zinaanza, mbona majibu hayatoki, mnaficha nini, na mitandaoni ndo usiseme. Jamani hatufichi kitu. Tangu mlipuko wa 2015 ulioanzia Dar watu wamekizoea kile kijiti cha kipimo cha haraka, kikitoa mstari basi mtaa mzima ushatangaziwa kipindupindu, sisi wa maabara ya taifa tukisema subirini kwanza tunaonekana tumetumwa. Kijiti kinatoa fununu, hakithibitishi. Kuthibitisha ni bakteria mwenyewe aote tumuone, au PCR, kipimo cha kusaka vinasaba vyake.

Na si kila Vibrio cholerae, huyo bakteria wa kipindupindu, analeta mlipuko, mitoni wamejaa wasio na sumu. Tunaowatafuta ni wa kundi la O1 na O139 wanaotengeneza ile sumu inayofanya utumbo umwage maji na chumvi, mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa. Ndo maana kwenye PCR tunatafuta jeni ya sumu yenyewe, ctxA.

Sasa wenzetu wa vituoni. Choo kichukuliwe kabla mgonjwa hajameza antibayotiki, sio kesho yake. Swabu, kile kijiti chenye pamba, ichovywe mpaka ionekane imeshika choo, izamishwe kwenye Cary-Blair, yaani chupa yenye uji wa kusafirishia sampuli, kijiti kinachozidi kikatwe, kifuniko kikazwe, halafu jina, umri, tarehe na saa viandikwe kwenye chupa, SIO kwenye kifuniko. Na barafu ni ya nini? Tunapokea coolbox zimeshindiliwa barafu kama za samaki wa Feri wakati huyu bakteria baridi haiwezi, ndani ya Cary-Blair kwenye joto la kawaida la chumba anavumilia hadi siku 7. Choo kitupu kisicho na Cary-Blair kinatakiwa kianze kupimwa ndani ya saa 2. Wengine wanaleta kwenye kopo lililosuuzwa na klorini, alafu wanauliza kwa nini hakijaota kitu!

Sampuli ikifika salama inakaa kwenye maji ya peptoni yenye alkali, ya kuwakuza bakteria, saa 6 hadi 8, inapandwa kwenye sahani ya TCBS, chakula cha kuwaotesha Vibrio, saa 18 hadi 24, tunatafuta makoloni, yaani vidoa vya bakteria, ya njano. Njano peke yake haitoshi, tunahamishia sahani nyingine tunalaza tena usiku, ndo tunapima oksidesi, kimeng'enya cha bakteria, na antisera, dawa za kumtambua, kujua ni aina ya Ogawa au Inaba. Hesabu mwenyewe, ni siku 2 mpaka 3, hata apige simu nani.

Sampuli inayovuja, isiyo na fomu, au yenye jina tofauti na la kwenye fomu inakataliwa na sababu inaandikwa, msitulaumu. Taarifa ya mgonjwa anayehisiwa lakini itolewe ndani ya saa 24 bila kungoja majibu yetu, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 haimpi mtu hiari ya kukaa kimya eti atachafua jina la wilaya.

Mgonjwa pia hangoji maabara, apewe ORS hapohapo, aliyelegea atundikiwe dripu. Na mlipuko ukishathibitishwa hatuhitaji choo cha kila aliyelazwa, tunataka sampuli chache tu za kuangalia kama dawa bado zinamuweza bakteria, kwa hiyo wa kambi za wagonjwa acheni kutujazia maboksi.