Je, wajua kwa nini vitabu vingi vya Kindle vinauzwa dola 2.99?

Ukizunguka Kindle, yaani vitabu vya Amazon vya kusoma kwenye skrini, upande wa waandishi wanaojichapishia wenyewe utaona 2.99, 2.99, 2.99, utadhani walikaa kikao. Mimi nilijua ni ile mbinu ya dukani ya kuandika 9,999 ili mteja aone rahisi, kumbe wapi.

Iko hivi: KDP, yaani huduma ya Amazon ya kujichapishia, ina mirabaha miwili ya softikopi, yaani mgao wa bei unaomwendea mwandishi, 35% na 70%. Kwa soko la Marekani hiyo 70% unaipata kama bei yako iko kati ya dola 2.99 na 9.99, ukitoka nje ya hapo hata kwa senti moja unarudi 35%. Sasa piga hesabu. Kitabu cha 2.98 kinakuachia dola 1.04, ongeza senti moja tu unapata kama 2.05, karibu mara mbili! Na juu nako ni hivyo hivyo, 9.99 inakupa karibu dola 7, ukijifanya mjanja ukaweka 10 unashuka mpaka 3.50, na ili uirudishe ile 7 itabidi uuze karibu dola 20, sasa nani atanunua softikopi ya mtu asiyemjua kwa dola 20 jamani.

Zamani haikuwa hivi. Huduma ilipoanza 2007, pamoja na Kindle yenyewe, mwandishi alikuwa anapewa 35% basi. Januari 2010 ikawa inasubiriwa iPad ya Apple, tableti ambayo nayo ingesomewa vitabu, na wiki moja kabla haijatangazwa Amazon wakatangaza 70% yao, ikaanza kutumika mwisho wa Juni. Ushindani bana.

Ila 70% ina kamtego. Unakatwa hela ya kusafirisha faili, senti 15 kwa kila megabaiti, ndio maana hapo juu nimesema 2.05 na sio 2.09. Riwaya ya maneno matupu haina shida, ni nyepesi. Lakini chukua kitabu cha mapishi, pilau, mbaazi, mahamri, kila ukurasa na picha yake, faili lote MB 12: zinaondoka dola 1.80 kwanza, inabaki 1.19, asilimia 70 ya hiyo ni senti 83. Ungechagua 35%, ambayo haina hayo makato, ungepata dola 1.05! Kwa hiyo punguza ukubwa wa picha kabla hujapakia.

Halafu hiyo 70% ni kwa mnunuzi aliyeko kwenye nchi zilizoorodheshwa, na Tanzania na Kenya hazimo. Shangazi yako wa Mombasa akikinunua kwa 2.99 wewe unapata 35% tu, wakati mgeni wa Chicago ndiye anakuingizia mbili na ushee, ambazo nazo Marekani inakata kodi 30% kwa sababu hatuna nao mkataba wa kodi.

Ndio maana waandishi wengi huku wanauza PDF kwa WhatsApp, unatuma M-Pesa unatumiwa faili, hela inabaki karibu yote kwa mwandishi. Mpaka mnunuzi wa kwanza airushe kwenye grupu la ukoo.